Ufunguo wa Jiko la Ngoie

Liège, Jumapili

Baba Ngoie, mume wangu,

Hujambo huko Kamina? Mgongo umepoa, au pikipiki bado inakusumbua? Sisi tunaishi na baridi yetu. Mimi nasafisha vyumba vya wazee, Ngoie anasoma. Nakuandikia karatasi kwa sababu kwenye simu mama yako husikiliza pembeni, nawe hubadilisha sauti.

Juzi ulisema mnataka mtoto arudi wakati wa likizo, aombewe. Jibu langu ni hapana.

Unakumbuka alipozaliwa hakuweza hata kunyonya, mwili umelegea kama kitambaa. Baadaye akaanza kula bila kushiba: bukari yetu ya unga, bukari ya majirani, hata mahindi ya kuku. Mama yako akatia jiko kufuli, ufunguo akauvaa shingoni, akasema ukoo wote ukiwepo: "Huyu mutoto iko na pepo ya kula. Kwetu haiko ile. Alikamata yote kwa mama yake, kwa bale bantu ya Kasai." Ukatazama chini huku watu wa kwetu Kasai wakitukanwa. Kisha kanisani wakamlazimisha kufunga, asile wala asinywe, mtoto ambaye ugonjwa wake ni njaa! Walimkuta anatafuna mshumaa. Hilo sijalisamehe.

Hapa wamempima damu, na daktari akanieleza taratibu. Kila mtoto hurithi mara mbili, kwa mama na kwa baba. Lakini kuna sehemu moja ya urithi huo ambapo urithi wa mama hukaa kimya kwa watu wote, hata kwenu, na wa baba peke yake ndio hufanya kazi. Sehemu hiyo Ngoie alipata wangu mara mbili. Wako haukufika. Basi hakuna kinachofanya kazi, na kichwa chake hakijui tumbo limejaa. Daktari alisema si kosa la mtu yeyote, hutokea tu mimba inapoanza.

Kwa hiyo mama yako alipatia nusu: hapo mtoto ni wangu mtupu. Ila kinachomtesa ni cha baba kilichokosekana. Nilicheka, kisha nikalia mpaka nesi akaniletea maji. Miaka hii yote nimebeba aibu ya watu wa kwetu bure, Baba Ngoie, na nimekasirika.

Nisalimie dada yako mshonaji, na jirani muuza samaki aliyekuwa akimpa Ngoie vichwa vya samaki kwa siri. Alitupenda, japo sasa najua alimdhuru. Mama yako naye msalimie. Mwambie kufuli lilikuwa sawa, daktari ameniagiza hivyo hivyo, na ufunguo sasa nauvaa mimi. Ila mimi nafunga jiko mtoto akishakula.

Ngoie huuliza, "Mama, papa atakuya siku gani?" Najua visa ni ngumu, sikudai uje. Nataka uwaite wote waliokuwepo siku ile ya kufuli, uwaeleze haya kwa mdomo wako, mama yako akisikia. Hiyo haihitaji visa.

Mke wako, kama bado unaniita hivyo,
Mama Ngoie