Waliohamia Kigamboni

Temeke, Dar es Salaam
12 Aprili 1953

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza kifua chako na migomba yako, nikuambie sauti moja, maana nisipoitoa itanisumbua barua nzima. Ni sauti ya kamba iliyolowa ikivutwa kwenye tundu la mti. Inalia kama mtu aliyetaka kusema neno akalimeza. Nilikutana nayo asubuhi yangu ya kwanza kazini. Marselino, fundi wetu wa vitanda, alikuwa amekaa uani, amekilaza kitanda ubavu, anafumua kamba zake. Nikamuuliza kama kitanda kimeharibika.

"Hapana, dada. Mwenyewe amehamia Kigamboni."

Sasa nakusalimu vizuri. Hujambo? Kikohozi kimepungua? Mimi mzima, nimepata chumba karibu na kazi, na joto la huku nimeanza kulizoea.

Nyumba ya Wasiojiweza ninapofanya kazi ni mabanda mawili ya bati, la wanawake na la wanaume, na ua wa mchanga katikati. Wanaokaa humo ni wazee na wagonjwa ambao mji umewamaliza nguvu na hawana jamaa wa kuwarudisha kwao. Kiwanja kilitolewa na Serikali, ila chakula na nguo hutoka kwa majirani. Mimi nafunga vidonda, nagawa dawa, nasoma na kuandika yanayohitaji kusomwa na kuandikwa. Msimamizi wetu ni Bi. Filomena, mama wa kutoka Masasi, mrefu, mwenye sauti ndogo. Sijamsikia akimfokea mtu.

Nilidhani Kigamboni kuna nyumba nyingine kama hii, ng'ambo ya maji. Siku moja jikoni nikauliza lini nitapelekwa kuiona. Walicheka wote, kisha wakaacha wote kwa pamoja. Bi. Filomena akanishika mkono akanitoa nje. Akaniambia hapa hawasemi kufa. Zamani walikuwa wanasema, na kila msiba ulizua kilio mabanda yote mawili, watu wakagoma kula, na wadhaifu wakamfuata marehemu. Ndipo akalipata neno hilo. Maiti hutolewa mapema kabla wengine hawajaamka, kamba zinafumuliwa na kufuliwa, kitanda kinawambwa upya, na wanaouliza wanaambiwa fulani amehamia Kigamboni, kuna hewa nzuri.

Tuna watu wa kwetu humu, Bibi Eufrazia na mumewe Mzee Didas, wa Kiziba, huko huko Bukoba. Mzee alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja ambaye alirudi Ulaya akamwacha hapa na kofia yake. Bibi hatembei tena, na mzee anakohoa hata kuketi hawezi. Mmoja yuko banda hili, mwingine lile, basi kila asubuhi mimi navuka ua na salamu zao. Bibi hutuma maneno mengi: amevaa nini, ameota nini, avute shuka kifuani. Mzee husikiliza yote, halafu anajibu, "Mwambie nipo." Ndiyo hiyo tu. Nikimfikishia Bibi anacheka mpaka anajishika mbavu.

Mtoto wako,
Koku

Kamachumu, Bukoba
3 Mei 1953

Koku mwanangu,

Marahaba. Nimepata barua yako, nikaisoma nje kwenye mwanga kwa sababu macho nayo sasa yanataka kubembelezwa. Kikohozi kipo, tumezoeana. Migomba inaendelea. Mbuzi wa jirani amekula kitambaa changu cha kanisani, na mwenye mbuzi ananiambia nimshukuru Mungu hakikuwa kipya. Nimemshukuru Mungu. Yeye sijamshukuru.

Habari ya neno lenu hilo nimeiwaza. Najua ulivyo. Ukishika jambo hulali. Lakini wewe ni mgeni pale, na Bi. Filomena amezika watu wengi kuliko umri wako. Baba yako Gaspar alipokuwa anakata roho chumbani, wewe ulikuwa mlangoni unaniuliza kila mara, nami nikakuambia amelala. Ukaenda kulala na wewe. Sijuti hata leo. Mtu mdogo na mtu mgonjwa hawabebi mzigo kama sisi tunavyoubeba. Mwache mama wa watu na neno lake.

Masista wanatafuta mwalimu wa darasa la tatu, nami nimelitaja jina lako. Sikulazimishi. Nimelitaja tu.

Wasalimie hao wa Kiziba. Mwambie huyo mzee kwamba nimesema mume asiye na maneno ni baraka.

Shangazi yako,
Auleria

Temeke
24 Mei 1953

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nafuu. Salamu zako kwa Mzee Didas zilichelewa.

Nilifika asubuhi nikakuta Marselino na kitanda uani. Kofia ya yule Mzungu ilikuwa imewekwa juu ya ndoo. Sikuuliza. Nikaingia banda la wanawake, Bibi Eufrazia akanyoosha mkono kama kawaida yake. "Amesemaje leo?" Nikamwambia mumewe amehamia Kigamboni, kuna upepo mzuri wa kifua. Alifurahi, Shangazi. Alisema kumbe Mungu yupo. Akauliza mbona hakumuaga, kisha akajijibu mwenyewe kwamba mume wake na maneno wapi na wapi.

Nilidhani limekwisha. Kesho yake mkono ule ule, swali lile lile. Nikamfuata Bi. Filomena nikamwambia Bibi anataka salamu. Alikuwa anakunja mashuka. Akasema bila kugeuka, "Wewe umesoma. Tunga."

Nikatunga. Kwanza machache: anakula, analala. Bibi akataka zaidi, nami nikaona nina maneno. Mzee Didas wa Kigamboni ameacha kukohoa. Anakaa kivulini na wenzake waliohamia kabla yake, na wote nawajua kwa majina sasa, yule mwenye mguu mbovu, yule kipofu aliyekuwa anaimba. Anasema anamkumbuka Bibi alivyokuwa akichota maji wakiwa vijana. Bibi nikimaliza anashika mkono wangu tu. Anakula vizuri, na hata rangi imemrudi. Mimi ndiye nisiye sawa. Nikiwa njiani kurudi chumbani nasikia mzee akinisahihisha. Hasemi kwa hasira. Ananiambia tu, hapana, sikusema hivyo, rudia.

Kuna jingine. Sasa ni mfungo. Kina mama wa mtaani wakiongozwa na Bi. Mwasiti, muuza vitumbua, wanatuletea futari kila jioni. Ni watu wakarimu kweli, wengine wanatoa wakati kwao hapajatosha. Bi. Mwasiti alisikia habari ya Kigamboni akasema haifai wa huku wafuturu na wa ng'ambo wasahauliwe. Basi wanaleta fungu la pili, mabakuli yamefunikwa kwa kawa, na kila bakuli lina mwenyewe. "Hili la Mzee Didas, alikuwa anapenda tambi. Hili la yule kipofu, mie nimemtilia nazi ya kutosha." Bi. Filomena anapokea kwa mikono miwili na kuwaombea dua.

Mabakuli hayo yanaingia jikoni. Wafanyakazi wanakaa kuyazunguka, wanakula bila kutazamana, na wanakiita chakula cha ng'ambo. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni. Marselino akanisogezea la tambi.

"Kaa, mwalimu. Wa ng'ambo hawana meno."

Wakacheka wote wakinitazama, wanangoja nione kama mimi ni mwenzao. Shangazi, nilikaa, nikala. Zilikuwa tamu, na kila jioni tangu siku hiyo nakaa nao.

Niandikie upesi.

Mtoto wako,
Koku

Kamachumu
14 Juni 1953

Koku mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilichelewa huko meli zinakopita, ikanikuta kitandani, lakini usishtuke, nimeinuka. Nimeisoma mara ya kwanza nikaiweka chini ya mto, kisha nikaona si mahali pake, nikaitoa.

Nilikuambia umwache Bi. Filomena na neno lake, na kuhusu hilo bado sijageuka. Mtu akinyamaza mbele ya mgonjwa naelewa. Mimi nilikuambia baba yako amelala. Sikukuambia ameamka. Sikukuletea maneno yake asubuhi nikikuambia anakusalimu. Unaona tofauti? Mtu aliyekufa ana haki ya kunyamaza, na wewe umemnyima. Halafu yule bibi ni mjane na hajui kuwa mjane. Kwetu mjane ana namna yake ya kuketi, ana watu wa kuketi naye. Nani anaketi naye? Anachekeshwa na mtoto wa watu aliyesoma.

Ya chakula siyasemi. Unayajua.

Acha kazi hiyo uje nyumbani. Masista wamekubali, nafasi inakungoja mpaka muhula ufunguliwe. Usimwambie bibi yule lolote, maana mdomo uliomdanganya ukimwambia kweli utamvunja, na hutakuwa na pa kumpeleka. Mwachie padri. Wewe funga sanduku uje.

Nimekosa usingizi kwa ajili yako. Jibu kabla sijapoteza na hamu ya kula.

Shangazi yako anayekuombea,
Auleria

Temeke
5 Julai 1953

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Namshukuru Mungu kwamba umeinuka, na nakuomba usitoke nje asubuhi wakati ukungu bado uko migombani. Barua yako ilinifikia wakati nimeshafanya ulichonikataza, kwa hiyo isome hii ukiwa umeketi.

Mfungo ulipokaribia kwisha Bi. Mwasiti alikuja na habari. Kina mama wamekubaliana sikukuu ya Idi wavuke kwenye kivuko cha Magogoni wakawaone wa Kigamboni, wakale nao pamoja. Na mke wa mzee lazima awemo. Wamemkodia mkokoteni mpaka kivukoni, watu wa kumbeba wapo. Walimwambia yeye kabla ya kutuambia sisi. Nilimkuta Bibi Eufrazia ameketi, wima, sijui nguvu amezitoa wapi. Akaniomba nimsuke. Alisema hawezi kwenda kwa mume na kichwa kama kiota. Nikamsuka, Shangazi. Nilivuta mistari myembamba kama ya msichana, naye akawa ananisimulia ugomvi wao wa siku ya harusi.

Bi. Filomena alituita jikoni. Akasema tutawaambia kina mama kuna ndui ng'ambo, hakuna anayeruhusiwa kuvuka. Akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayeaminiwa. Alikuwa amechoka. Nilimwonea huruma kweli, nami nikaitikia.

Siku ya Idi wakaja wamevaa kanga mpya, mkokoteni umetandikwa mkeka. Marselino alimtoa Bibi akiwa amembeba mikononi, akamketisha juu ya mkeka. Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshalitayarisha neno la ndui na lilikuwa mdomoni. Bibi akainamisha kichwa kunionyesha msuko, akaniuliza kama umekaa sawa, kama mzee ataupenda. Sikuweza kutunga tena.

Nikapiga magoti kwenye mchanga. "Bibi, Mzee Didas amefariki. Hakuna nyumba Kigamboni."

Aliuliza lini. Nikasema kabla ya mfungo. Akapeleka mkono kichwani polepole, akagusa ule mstari wa mbele.

"Na wewe ukanisuka."

Akaanza kufumua. Vidole vyake vimepinda, vilikuwa vinashindwa, na nilipotaka kumsaidia aliusukuma mkono wangu. Tulisimama pale wote tukimtazama mpaka nywele zote zikasimama.

Bi. Mwasiti alinijia. Nilitegemea atapiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama anayeniuliza njia: "Na ile futari, nani alikuwa anakula?"

"Sisi."

"Nyie nani?"

"Sisi wafanyakazi. Na mimi."

Hakunitemea mate. Aliketi chini na kanga yake mpya, karibu na gurudumu la mkokoteni, na wenzake wakaketi. Kisha akamwambia Bi. Filomena awataje wote. Wote waliohamia. Bi. Filomena alisimama mlangoni mwa jiko akawataja, Shangazi, mmoja mmoja tangu mwanzo, wengine kwa majina ya baba zao na kwao, bila kusita. Kumbe alikuwa nao wote. Kila jina kilio kilipanda ndani ya mabanda, la huku na la kule, na mimi niliyewatungia salamu nikaona sikuwa nawajua hata kidogo.

Sitakuficha lililofuata. Bi. Filomena hakuwa amekosea. Siku zile wengi hawakugusa chakula, na mzee mmoja dhaifu hakuamka tena. Tulisema amekufa. Tulimzika mchana, na mtaa mzima ulikuja. Je, angeishi kama ningesema kuna ndui? Najiuliza, na nadhani nitaendelea kujiuliza. Hilo siwezi kulipeleka popote.

Marselino hanitanii tena. Wafanyakazi wanakula makwao. Kina mama wanaleta chakula bado, lakini wanakigawa wenyewe, mkono kwa mkono, na wanangoja mpaka bakuli liwe tupu.

Uliniandikia kwamba sitakuwa na pa kumpeleka. Jioni ile ya Idi nilimleta Bibi chumbani kwangu. Nilitoa kitanda nje, nikatandika majani chini kama kwetu, na Bi. Mwasiti na wenzake walikuja kulala matangani, Waislamu kwa mjane wa Kikristo, wakampikia, wakanyamaza naye. Matanga yameanuliwa, yeye bado yuko. Hanisemeshi sana. Akitaka maji anasema maji. Nilimwomba msamaha usiku ule; sijamwomba mara ya pili. Asubuhi naenda kazini nafunga vidonda, jioni narudi, tunakula sahani moja, na chumba kizima kimejaa mtu asiyesema kitu.

Najua utasema nimchukue nije naye. Nilimuuliza. Alisema mume wake yuko hapa.

Kwa hiyo nafasi ya darasa la tatu apewe mwingine. Masista nimeshawaandikia kwamba siji, na barua hiyo niliitia posta kabla ya kukuandikia hii, ili usipate nafasi ya kunibembeleza.

Mtoto wako,
Kokushubila