Kiriana Apelekwa Kupimwa

Ōpōtiki, 16 Februari

Kwako Shangazi Hūria,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Nilisikia kwa watu kwamba uliumia goti; natumaini limepona na mkongojo umeshautupa. Sisi huku tu wazima, isipokuwa joto linatuchoma, na kazi ya kupakia matunda kiwandani haijaanza, kwa hiyo nina nafasi ya kukaa na kuandika.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu tumzike Baba, na tangu yale maneno yaliyowatoka jikoni wewe na kaka yangu Tamihana, ni miaka sita hatujaandikiana hata kadi. Ningekupigia simu, lakini kwa simu tungegombana kabla birika halijachemka.

Ni kuhusu binti yangu Kiriana. Ana miaka tisa sasa. Mdomo wake hauna kufuli, na mashine ya kukata majani anaweza kuifungua na kuirudisha bila kubakiza hata skrubu moja. Kusoma ndiko kumemshinda. Neno alilolisoma mstari wa kwanza, akilikuta mstari wa tatu anaona mgeni. Miaka miwili alitudanganya, Shangazi: nikimsomea kitabu anakikariri chote, kisha anageuza kurasa kama msomaji. Siku moja nikamfungulia ukurasa mwingine kabisa. Akaendelea na hadithi ile ile.

Jumatatu walimwambia asome mbele ya darasa, akatapika juu ya dawati. Jioni nikimsuka akaniuliza, "Mama, mimi ni mjinga kama Mjomba?" Nikamwuliza nani amesema Mjomba ni mjinga. "Yeye mwenyewe. Kila akiletewa fomu anasema, mpeni mwingine, mimi mjinga."

Mwalimu wake anadhani ni disleksia, ule ugumu wa kusoma ambao mtu anazaliwa nao, ila yeye si mtu wa kupima. Wewe umefundisha miaka thelathini na mmoja, na Tamihana mwenyewe alipita mikononi mwako. Niambie, mtoto wa namna hii anasaidiwa vipi?

Binti wa kaka yako,
Ngāhuia


Ōamaru, 1 Machi

Mpendwa Ngāhuia,

Barua yako imefika. Goti ni zima, ahsante kwa kuuliza, na nimefurahi kusikia mko salama.

Nitasema wazi, unanijua. Hizo disleksia sisi hatukuwa nazo. Tulikuwa na watoto waliotulia wakasoma, na watoto waliochungulia dirishani. Mketishe mezani nusu saa kila siku, zima televisheni, na asiinuke mpaka ukurasa uishe. Akilia, mwache alie. Machozi hayajaua mwanafunzi.

Kuhusu kaka yako, akili alikuwa nayo, alichokosa ni nia. Niliandika hivyo kwenye ripoti yake na leo ningeandika hivyo hivyo.

Msalimie mtoto.

Shangazi yako,
Hūria


Ōpōtiki, 20 Aprili

Shangazi,

Hujambo. Sisi hatujambo, ukimtoa mmoja.

Ushauri wako niliufuata siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Kiriana hakurudi kutoka shule. Tulimtafuta saa tatu nzima, mpaka tukamkuta bandarini, kwenye karakana ambako Tamihana anatengeneza injini za boti za kuvuna kome baharini. Alikuwa chini ya turubai. Alimwambia mjomba wake kwamba kama ile meza bado ipo, yeye nyumbani harudi.

Tamihana akaja na msumeno. Sitanii. Akaitoa meza uani, akaikata miguu yote minne, akaondoka bila kunisalimia. Sasa tunakula tumekaa chini kama tuko pikiniki.

Basi usihangaike tena, nimepata msaada kwingine. Kuna bwana anapita hapa mjini kila mwezi na kukodi ukumbi. Anatoa miwani ya rangi na mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, na anasema wiki kumi na mbili tu disleksia imekwisha kabisa. Kupima hakuhitaji, alimtazama Kiriana machoni dakika tano akajua. Tunaanza tarehe tatu Mei.

Ngāhuia


Ōamaru, 24 Aprili

Mwanangu Ngāhuia,

Leo sianzi na salamu. Usimpe huyo bwana mtoto.

Najua sina haki ya kukuamrisha. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Picha ya mtoto amejificha chini ya turubai kwa sababu ya maneno yangu haikunitoka. Kesho yake nikaendesha gari hadi kwa Elspeth, niliyefundisha naye zamani, kwa kuwa binti yake Isla ni mwanasaikolojia wa elimu na kupima watoto wa hivi ndiyo kazi yake. Nilikwenda kubishana. Nilikaa saa mbili, na nikatoka nimejaza daftari.

Si macho, Ngāhuia, na si uvivu. Akili haihusiki. Ni namna ubongo unavyozishika sauti zilizomo ndani ya neno na kuzifunga na herufi zake. Haiponi kama mafua, na miwani ya kuiondoa hakuna. Lakini mtoto anafundishika, na anafundishika vizuri, akianzishwa sauti moja moja, kwa mpangilio, kidogo kidogo kila siku, na mtu aliyesomea kazi hiyo. Isla akaniambia, yeyote anayetaka kumsaidia mtoto wetu tumwulize: umesomea wapi, saa moja na mtoto unaitumia kufanya nini, na tutajuaje kwamba anapata nafuu? Mwulize huyo bwana wako maswali hayo, kisha umtazame usoni.

Kwanza apimwe. Macho na masikio kwa daktari, halafu mwanasaikolojia. Kuna mmoja Whakatāne, Bi. Roimata Hapuku. Nimepiga simu kuhakikisha leseni yake, nikapiga tena kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Anakusubiri umpigie.

Jambo moja zaidi. Nilipokuwa naaga, Isla aliniuliza kama darasani kwangu niliwahi kuwa na mtoto wa namna hiyo. Nikasema hata mmoja. Nikaingia kwenye gari, na kabla sijaliwasha nilikuwa nimekwisha wakumbuka saba. Wa kwanza ni Tamihana.

Shangazi yako


Ōpōtiki, 30 Juni

Kwako Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi, na pole na baridi ya huko. Nimesikia redioni kwamba theluji imewafikia mpaka mjini. Sisi wazima, na leo hata huyo mmoja ni mzima.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka kuandika nikiwa na jambo la kusema. Kwanza nilikukasirikia. Kisha nikaenda ukumbini kwa bwana wa miwani na maswali yako nimeyaandika kwenye kiganja. La kwanza alicheka. La pili akasema ni siri ya kitaalamu. La tatu akasema, "Mama, mwenye imani haulizi." Nikamwambia imani naiweka kanisani, nikamshika mtoto mkono tukatoka. Akina mama wawili waliokuwa kwenye foleni wakatufuata nje kuniuliza nimemwuliza nini.

Wiki iliyopita tulikwenda Whakatāne. Macho na masikio yalikwisha kuonekana mazima. Kiriana hakulala vizuri, alidhani ni mtihani, na kwenye gari alikuwa amekaza mikono kama anaendesha yeye. Bi. Roimata akamwambia, "Hapa hakuna kufeli. Mimi natafuta tu namna kichwa chako kinavyopenda kufanya kazi." Walikaa mle ndani kwa saa tatu. Alimpa maneno yasiyo na maana ayasome, akamwambia aondoe sauti moja kwenye neno aseme kinachobaki, akamtajia tarakimu azirudie kinyumenyume, akampa na vitalu vya mbao apange maumbo. Nilikuwa nasikia kupitia mlango. Kwenye maneno kulikuwa na ukimya mrefu. Kwenye vitalu nikasikia mtu anaimba.

Jumanne tukarudi kwa majibu. Ni disleksia. Bi. Roimata hakuniambia mimi, alimwambia Kiriana mwenyewe, wamekaa magoti kwa magoti.

"Kwa hiyo si ujinga?" Kiriana akauliza.

"Si ujinga. Kwenye vitalu, ukikusanya watoto mia wa umri wako, umewashinda tisini."

Kiriana akageuka kunitazama. "Umesikia, Mama? Tisini."

Nilidhani nitahuzunika, Shangazi. Nilikuwa nimejiandaa hata kitambaa. Badala yake nilihisi kama mtu aliyevuliwa viatu vilivyombana kutwa. Nililia ndio, lakini nilikuwa nalia huku nacheka, na Kiriana akanipangusa kwa mkono wa sweta lake akisema, "Basi, basi, twende tukale samaki."

Mwalimu wa kumfundisha tumempata pia, Bi. Colleen, aliyeshauriwa na Bi. Roimata. Maswali aliyajibu yote bila kumeza mate. La tatu alinijibu kwamba kila wiki sita atampima na kunionyesha karatasi, na nisipoona mabadiliko nimwambie. Anaanza naye Julai, mara tatu kwa wiki. Shule imepewa ripoti. Hakuna tena kusoma mbele ya darasa bila yeye kukubali.

Ahsante kwa simu zako mbili za leseni.

Binti yako,
Ngāhuia


Ōamaru, 12 Septemba

Mwanangu,

Natumaini mvua imepungua huko. Mimi sijambo. Kiriana alipokuwa ananihesabia kwa simu maneno mapya aliyoyapata, jirani alinikuta nimesimama ukumbini na kijiko cha jemu mkononi, slipa miguuni, nacheka peke yangu.

Humu ndani utaona bahasha nyingine. Ni ya Tamihana. Usiifungue, tafadhali, hata kwa nia njema. Nimeiandika mara tano. Najua kuisoma hawezi, na sehemu kubwa ya hilo ni mkono wangu, kwa hiyo achague mwenyewe nani amsomee. Akiamua kuichoma moto, ni yake. Jibu sidai.

Shangazi yako


Ōpōtiki, 8 Desemba

Kwako Shangazi,

Tunakusalimu sote. Miti ya pohutukawa imeanza kutoa maua yake mekundu pwani na Kiriana ameshaungua pua kwa jua. Natumaini nawe una afya, na kwamba ukimya wetu haukukunyima usingizi. Haukuwa ukimya wangu, ulikuwa wa Tamihana, na sikutaka kumsemea.

Nakuanzia na habari yenyewe: tarehe kumi na nne Januari kaka yangu anakwenda kwa Bi. Roimata. Alipiga simu mwenyewe. Nilimsikia akiuliza, "Mnapima na watu wenye mvi?" Sijui walimjibu nini, lakini alicheka. Pale karakana wamemtaka awe msimamizi mara mbili, na mara zote mbili alikataa kwa sababu ya makaratasi. Sasa amewaambia wamngojee mpaka Machi.

Ilivyokuwa ni hivi. Bahasha yako nilimpa siku ile ile ilipofika. Akaitazama mbele na nyuma, akaitia mfukoni mwa ovaroli, na kwa miezi miwili na nusu sikusikia kitu. Jumapili iliyopita akaja baada ya ibada. Bahasha ilikuwa imejaa grisi lakini haijafunguliwa. Nikanyoosha mkono. Akasema, "Sikukupa wewe." Akampa Kiriana. "Nisomee. Sina haraka."

Walikaa kwenye ngazi za nyuma. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi vitamu, dirisha wazi, na nakiri nilisikiliza. Kurasa nne, Shangazi, zilimchukua karibu saa nzima. Anafuata kwa kidole, na akikwama hakisii tena kama zamani, anarudi kwenye sauti. Tamihana hakumsaidia neno hata moja wala hakusema "harakisha". Alikuwa ameinamisha kichwa anatazama buti zake.

Kwenye ukurasa wa pili akakwama kabisa. Nikamsikia analivunja: "Ni. Li. Ku. O. Ne. A." Kisha akaliunganisha. "Mjomba, hapa Shangazi Hūria anasema alikuonea."

"Nimesikia. Endelea."

Akaendelea mpaka mwisho, mpaka jina lako. Kisu changu na viazi vyangu nilikuwa nimeviacha. Kisha Tamihana akasema, "Hebu nirudie ule ukurasa wa pili."

Kiriana akautafuta, akaanza upya. Mara hii hakukwama.

Binti yako,
Ngāhuia