Mshenga aliyesahau posa

Telesphor, leo nimeumbuka. Si nilikuwa mshenga wa mpwa wangu Deo, tukaenda Hounslow, huku ughaibuni, kumposea binti wa Mzee Rutashobya.

Mzee katutokea na kofia ya besiboli, mchezo unaonitia wazimu. Nikajisemea, nyamaza. Sikunyamaza.

Mzee eti kwenye besiboli mrusha mpira asishike gongo kupiga, apigiwe na mwenzake, asije akachoka. Atachoka na nini, mtu mzima anashinda benchi nusu ya mchezo? Nikamwambia hivyohivyo, huku nakula sambusa zake.

Deo anakohoa tu pembeni. Nikadhani mafua.

Tumebishana mpaka chai ikapoa, tukaagana kwa kukumbatiana.

Kwenye basi Deo ananiuliza, "Uncle, so did they say yes?"

Telesphor. Binti sikumtaja kabisa.

Nimempigia mzee. Kasema nirudi Jumapili tumalize ubishi, ila yule kijana mwenye kikohozi nimwache nyumbani.