Nilivyosema Nimeshiba Hamburg

Shangazi Mwajuma,

Shikamoo kutoka Hamburg, kwenye baridi ya kung'oa meno.

Adabu zako za Temeke zimenishindisha na njaa! Jumapili mama wa mwanafunzi mwenzangu, Mjerumani, alinialika chakula cha mchana. Kaleta bata mzima wa kuoka, ngozi inang'aa mafuta, na viazi vinafuka moshi. Akauliza, "Nikupakulie?" Nami, kwa vile ulinifunza mgeni akatae mpaka abembelezwe, nikajibu, "Ahsante mama, nimeshiba." Hakubembeleza. Sahani yangu akaiondoa, akaniletea maji! Nikakaa nawatazama wakila, natabasamu kama zuzu.

Lakini usimtukane. Yule bwana wangu Mwingereza wa ofisini hapo Dar es Salaam hakuniamini hata siku moja, nami nilikuwa nasema kweli. Huyu kaniamini mara ya kwanza tu, tena siku niliyodanganya.

Nisalimie wote hapo uani, na Mungu autunze mkono wako wa kupikia. Nikirudi, usijisumbue kunikaribisha mara tatu. Ukifungua kinywa tu, mie nimeshanawa.

Mwanao,
Hamisi