Shingo Imepona

Kasese, 4 Machi 1969

Mama yangu Bulandina,

Pokea salamu za mwanao. Huku tuko salama, mvua tu ndiyo imezidi. Baba hajambo? Mbuzi je?

Mwaka umetimia tangu daktari akutoe rovu la shingo. Anataka kujua wote aliowapasua wako namna gani, na kazi ya kuuliza amenipa mimi karani wake mpya. Nijibu: Habari ya afya? Unakula? Unalala? Kazi unafanya? Majibu yakiwa mazuri, dada yangu Kaswera naye atoke huko alikoolewa Bugoye, apasuliwe rovu lake.

Mwanao Thembo

Bwera, 15 Machi 1969

Mutoto wangu,

Barua nimepata, asante. Baba yako anakohoa kidogo, mbuzi beko bazima. Nakujibu: Niko muzima. Nakula. Nalala. Kazi nafanya. Daktari, Mungu amubariki.

Mama yako

Kasese, 28 Machi 1969

Mama mpendwa,

Natumaini kifua cha Baba kimetulia. Majibu kumi na moja yamefika, kutoka Bwesumbu hadi Nyakiyumbu, na yote yanasema mzima. Daktari amefurahi sana. Kaswera ataingia hospitali tarehe kumi na nne Aprili.

Mwanao Thembo

Bwera, 10 Aprili 1969

Thembo,

Leo salamu naacha. Zamani, mbele ya kile kisu, nilikuwa naita wanunuzi wa samaki, soko nzima inasikia. Sasa sauti hakuna, nanong'ona tu. Sokoni nagonga sahani na kijiko. Uliniuliza habari, nikajibu vile mutu anajibu habari. Nani anajibu salamu na mabaya? Daktari aliangalia shingo, akasema imepona. Kweli, shingo imepona.

Mwaka muzima hamukuje nyumbani, wewe na Kaswera. Mungesikia. Hiyo inaniuma. Wale kumi uwaulize tena kama banaweza kuita mutoto kutoka shamba. Kaswera angojee.

Mama yako

Kasese, 19 Aprili 1969

Mama,

Barua yako imefika leo, Jumamosi. Kaswera alipasuliwa Jumanne. Daktari ametazama mshono, akaandika: matokeo mazuri.

Sisikii kitu moyoni, Mama, hata aibu bado. Jumatatu nitaomba ruhusa, niwafuate wale kumi nyumbani kwao, nisikie wakinijibu. Leo nimeanza na Kaswera. Nilikaa kando ya kitanda na karatasi yangu, nikamuuliza: Habari ya afya?

Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akachukua kalamu mkononi mwangu, akaandika mwenyewe: Niko mzima.

Thembo wako