Mbiu Isiyopigwa Kirindo

Jumanne, 5 Julai

Kama daftari hili limekuangukia mkononi, nakusihi, lifunge. Kama umekwisha kuanza kusoma, basi usimsimulie mtu hata neno moja, awe mkeo au mchungaji wako. Mimi ni karani wa boma hapa Same. Kazi hii niliipata kwa tabu, na mstari mmoja unatosha kuipoteza.

Nimenakili barua tangu asubuhi. Upepo wa Julai unapita chini ya mlango, vidole vimekufa ganzi. Karatasi mbili nimezichafua kwa wino.

Saa tano nimeitwa. Bwana mgeni, yule aliyeletwa kuwinda mbweha, anataka mkalimani anayejua Kichasu, lugha yetu ya milimani. Kesho tunapanda milimani, juu ya Gonja, mpaka kijiji cha Kirindo. Mbweha wamehamia huko na baridi hii. Wanakula vitoto vya mbuzi, na wiki iliyopita mmoja mwenye kichaa ameng'ata mbwa.

Sikuulizwa kama nataka. Sijawahi kushika bunduki. Naiogopa bunduki, nawaogopa mbweha, na zaidi ya vyote namwogopa Bwana huyo. Huvaa makoti mawili, moja juu ya jingine. Matarishi wameshampa jina: Bwana Makoti.

Jumatano, 6 Julai

Tumefika jioni, kwa lori mpaka Gonja, kisha kwa miguu. Visigino vimechubuka.

Ukungu umelala juu ya kijiji kizima. Baridi ya huku si ya Same. Umande umekaa kwenye majani, mweupe kama chumvi. Bwana ana hema, kitanda na chupa ya maji moto. Wapagazi wamejifunika magunia yaliyobebea vitu vyake. Hakuna aliyewafikiria mpaka wanawake wa kijiji walipoleta kuni na makande. Nilikasirika. Lakini nilikula.

Nimeonana na mwitaji. Jina lake Mzee Senkondo. Tangu ujana wake kazi yake ni kuwaita mbweha watoke vichakani wapigwe. Hatumii filimbi. Hukunja ulimi, huziba tundu moja la pua kwa kidole, hulia kama kitoto cha mbuzi kilichonasa kwenye miiba. Mbweha husikia chakula, huja mwenyewe.

Bwana akataka kusikia. Mzee akalia mara moja tu. Mbuzi jike akajibu kutoka zizini na kuanza kugonga mlango kwa kichwa. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Mpeni titi huyo!" akapiga kelele bibi mmoja. "Tangu nimjue hajaachishwa!"

"Lete lako, shemeji," Mzee akamjibu. "Ila nasikia lilikauka wakati wa Mjerumani."

Hata mimi nilicheka. Bwana akauliza wanasema nini. Nikamwambia wanaisifu kazi ya mzee. Ndivyo nifanyavyo siku zote. Maneno yakiwa na miiba nayachomoa miiba kabla ya kuyapitisha.

Alhamisi, 7 Julai

Haya nayaandika kwa uangalifu.

Mzee Senkondo alikuja hemani asubuhi, amejitanda shuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kukaa. Alikuja kwa jambo moja.

Hapa Kirindo mbweha haitwi kabla mbiu haijapigwa. Jioni ya kuamkia siku ya kuita, pembe hupigwa kilimani mara tatu. Kila nyumba hufungia mbuzi wake, na hakuna mtu anayetoka mpaka ipigwe tena kesho yake, kazi ikiisha. Pembe yenyewe iko ng'ambo ya bonde kwa ndugu zake. Kuileta ni safari ya siku nzima. Kwa hiyo tungoje mpaka Jumamosi.

"Sauti hii humdanganya mbweha, na mtu humdanganya vilevile," alisema. "Kwenye ukungu nani atajua kama ni mimi au ni mbuzi wake? Mwambie hivyohivyo, mwanangu. Usipunguze. Bila mbiu mtu atapigwa risasi, na mimi siiti."

Bwana alikuwa ananyoa ndevu. Uso umejaa sabuni, wembe mkononi, na hasira ya kuamshwa na jogoo. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mzee anaomba, ikimpendeza Bwana, pembe ipigwe kwanza kwa kuwa ndiyo desturi ya kwao.

Basi. Habari ya risasi sikuisema. Wala kwamba mzee amekataa. Niliyameza yote mawili.

Bwana akasema hakuja kusikiliza tarumbeta, mbweha watakimbia, tena Jumamosi ana mwaliko wa chakula. Tutatoka kesho alfajiri.

"Amesemaje?" Mzee akauliza.

"Amesikia, mzee. Anasema tahadhari ataichukua yeye."

Bwana hakusema hivyo. Mzee akajitanda shuka lake upya.

"Kama amesikia na mzigo ameubeba mwenyewe," akasema, "haya. Nitaita."

Nimedanganya pande mbili kwa pumzi moja. Kwa sababu ya wembe na sabuni!

Ijumaa, 8 Julai

Nitaandika kwa mpango.

Kulipopambazuka tulikuwa tumelala kifudifudi nyuma ya mwamba. Mzee kushoto, Bwana katikati, mimi nyuma yao. Majani yaliyolowa, kifua kimeganda. Mzee akalia. Baada ya muda mbweha akatokea, masikio mbele, mguu mmoja hewani. Bwana akampiga. Akaanguka papo hapo.

Hapo tungerudi. Ukungu ulikuwa umeshuka, hata mti wa karibu hauonekani. Mzee akatikisa kichwa, inatosha. Bwana akaniambia, "Mwambie alie tena." Nikamwambia. Mzee akaniuliza kama Bwana anaona mbele. Nikamjibu kwamba anaona.

Akalia tena. Kitu kikasogea chini ya vichaka. Cha kijivu, kifupi, kinakwenda polepole. Mzee akanyamaza ghafla, akainua mkono juu kuzuia. Bwana akafyatua.

Ukelele uliotoka haukuwa wa mnyama.

Ni Naghenjwa, mke wa seremala wa Kirindo, mama wa watoto watatu. Alikuwa ameinama akitafuta kitoto cha mbuzi wake, amejifunika blanketi la kijivu. Risasi imepita kwenye paja la kushoto. Mzee alichana shuka lake akalifunga jeraha kabla sisi wengine hatujasimama. Bwana alikuwa mweupe kama karatasi. Alirudia neno moja tu: alikuwa ameinama, umeona, alikuwa ameinama.

Wanaume wanne wamemteremsha kwa machela mpaka hospitali ya misheni, Gonja. Nilitaka kufuata. Bwana akanituma nirudi nikamchukue mbweha, ngozi isiharibike.

Ngozi!

Jumamosi, 9 Julai

Same. Bwana hakwenda kwenye mwaliko. Ameandika taarifa, na mimi ndiye niliyeipiga taipu.

Inasema hivi. Kuwaonya wanakijiji ilikuwa kazi ya mwitaji, naye hakuifanya. Mwitaji aliinua mkono kuonyesha kwamba mnyama amefika. Bwana alifyatua kwa kuiamini ishara hiyo.

Mkono uliozuia umegeuzwa mkono ulioamuru. Nilipiga kila herufi bila kukosea. Sijawahi kupiga ukurasa safi kama ule.

Kisha Mzee akaletwa na askari aweke dole gumba. Hajui kusoma. Hakumtazama Bwana, alinitazama mimi.

"Ni yale tuliyosema?"

"Ndiyo, mzee."

Akaweka dole. Wakamfungia.

Jumapili, 10 Julai

Kanisani. Sikuweza kuimba.

Jumatatu, 11 Julai

Kesi ni Jumanne ya wiki ijayo. Askari wa mahabusu anasema ni miezi sita ya kuvunja mawe, si chini ya hapo. Mzee ana miaka kama sabini. Analala kwenye saruji bila shuka, maana shuka lake lilibaki kwenye mguu wa Naghenjwa. Ameanza kukohoa. Akifungwa hatarudi Kirindo, na wote pale bomani tunalijua hilo na tunaendelea kuchonga penseli.

Nilipita kwenye wavu wa mahabusu mchana na uji. Alikunywa taratibu.

"Mwanangu, ile habari ya mbiu ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Yote?"

"Yote, mzee."

"Basi huyu mtu ni mbaya sana," akasema, akanirudishia bakuli.

Nilikwenda nyuma ya stoo nikaliosha bakuli mara tatu.

Jumatano, 13 Julai

Seremala, mume wa Naghenjwa, amekuja bomani kwa miguu. Mguu wa mkewe hautakatwa, ila atachechemea maisha yake yote. Nilimwandikia maelezo yake. Alisema mkewe hamlaumu Mzee Senkondo hata kidogo.

"Mbiu haikulia," alisema. "Ndiyo maana alitoka. Ingelia, angetokaje? Sisi si watoto."

Akaniuliza ni nani aliyezuia mbiu. Nikamwambia Bwana atajibu. Akacheka kidogo, bila furaha. "Karani, wewe ulikuwa pale au hukuwapo?"

Ijumaa, 15 Julai

Ngozi ya mbweha imewambwa kwenye baraza ya nyumba ya wageni. Bwana ameipaka chumvi kwa mkono wake na kumwonyesha kila apitaye. Amenona. Rangi imemrudia. Leo amenipongeza kwa taipu yangu na kusema vijana waliosoma kama mimi ndio tegemeo la nchi hii.

Nimechukizwa mpaka meno yanauma. Mtu amepiga risasi kwenye ukungu asioona ndani yake, na anayekohoa juu ya saruji ni mzee aliyemkataza. Analala usingizi! Anauliza kama kuna siagi!

Lakini nikiandika hivyo na kuishia hapo, hata humu nitakuwa ninapiga taipu tu. Bwana hakuwahi kuambiwa kwamba mtu atapigwa. Pengine asingejali. Pengine angejali. Hakuna atakayejua, maana mimi niliyapunguza. Mzee aliniambia waziwazi nisipunguze.

Baba aliuza ng'ombe nikasome. Mama huwaambia watu sokoni kwamba mwanawe hukaa meza moja na Serikali. Nikisema, kazi imekwisha. Nikinyamaza, mzee amekwisha.

Wamenipanga kuwa mkalimani wa kesi. Mimi mwenyewe.

Jumanne, 19 Julai

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Bwana Mkubwa wa boma mezani, Bwana Makoti kwenye kiti pembeni na koti moja tu. Mzee Senkondo amesimama. Watu wa Kirindo wamekaa chini nje ya mlango, hata yule bibi mwenye utani. Walikuwa wametembea siku mbili.

Taarifa ikasomwa. Nikaitafsiri. Mzee aliposikia habari ya mkono wake, aligeuka akanitazama, na nikaona anaelewa ni nini kile alichokiwekea dole.

Bwana Mkubwa akamuuliza kama ana neno.

"Nilisema mbiu ipigwe," Mzee akajibu. "Nilisema bila mbiu mtu atapigwa risasi, na mimi siiti. Karani alimwambia. Mkono niliinua kumzuia. Sina jingine."

Chumba kikaningoja. Nikayatafsiri maneno yote kama yalivyo, na risasi ndani yake. Bwana Makoti akaruka kwenye kiti: hakuambiwa hivyo kamwe!

"Ni kweli," nikasema kwa Kiingereza. "Hakuambiwa. Mzee alinipa maneno hayo nimfikishie, mimi nikayaficha kwa woga. Aliambiwa habari ya pembe tu, na pembe aliikataa. Mkono wa mzee ulizuia, niliuona. Taarifa hii ni ya uongo, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba ni maneno yake mwenyewe."

Kisha nikayasema tena kwa Kichasu, polepole, mlango ukiwa wazi. Huko nje bibi yule akasema, "Toba!" Mwingine akatema mate. Ni haki yao.

Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mgonjwa. Lakini ilitoka.

Mzee ameachiliwa kabla ya adhuhuri. Mimi nimefukuzwa saa nane, bila cheti cha tabia njema. Bwana Makoti alijifungia chumbani pamoja na Bwana Mkubwa, wakazungumza kwa sauti ya chini, akatoka ameinamisha kichwa, akaondoka kwa treni. Amemwachia Naghenjwa blanketi. Jipya, la kijivu. Fidia ya mguu wa mtu, blanketi! Na ngozi amekwenda nayo.

Mzee alinikuta nafunga sanduku langu. Sikuweza kumwamkia. Alisimama mlangoni akikohoa.

"Ulinidanganya mara nyingi kwa kijana mpole namna hii," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Nitakukasirikia mpaka mvua za vuli. Kisha uje Kirindo, tuone."

Alhamisi, 21 Julai

Nipo nyumbani. Mama hajauliza kitu, amenipa jembe. Tumefungulia maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, asubuhi, leo ilikuwa zamu yetu. Maji ni baridi sana kwenye miguu.

Seremala alipita. Anataka kupeleka malalamiko ya mkewe juu zaidi ya Same, na barua yake nimemwandikia. Nimeweka jina langu chini kama shahidi. Kwa hiyo daftari hili halina siri tena, naye atalichukua alitumie apendavyo.

Anayetaka kuniuliza lolote, awe tarishi au hakimu, asinitafute mjini. Ashuke stesheni ya Same, ashike njia ya mlimani mpaka kwenye ndiva ya kwanza, avuke mfereji, apande mkono wa kulia kupita migomba. Nyumba ya pili ni yetu. Aulize kwa Eliamani, mwana wa Mchome. Nipo siku zote isipokuwa saa za ibada Jumapili. Kama kuna ukungu, aniite kwa jina tangu mbali. Nitaitika.