Mama Aujaribu Mji

Kalama, 14 Agosti 1999
Asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi. Jua lilitoka saa tano.

Kwa kaka yangu Nzuki,

Tuko salama, na ng'ombe amezaa ndama jike. Leo nilimpeleka mama Machakos akaone kile chumba nilichokuandikia habari zake, kwa sababu siwezi kupima mambo ya kuhama nikiwa nimekaa jikoni. Uzuri wake ni kwamba hospitali iko karibu na mfereji wa maji uko mlangoni. Ubaya ni kwamba hakuna shamba, na wewe ulisema mama, kwa usahaulifu wake, atapotea akitolewa kwake.

Nilitaka kujua kama ni kweli, kwa hivyo nilimwangalia siku nzima. Aliufungua mfereji na kuufunga mara nyingi, akicheka. Akamuuliza mwenye nyumba, "Hawa watu wako wanapika wapi? Ama wanakula hewa?" Mwenye nyumba alicheka, akamletea chai. Mama hakutaja kurudi nyumbani hata mara moja.

Jioni tulirudi. Alikula vizuri, ameketi kwenye kigoda chake, karibu na mafiga aliyoyapanga mwenyewe alipoolewa. Kisha akanishika mkono kwa heshima, kama mgeni anayeaga.

"Asante kwa chakula, msichana wa watu. Sasa nionyeshe njia, niende kwangu."

Basi, kaka, hapa pia si kwake tena. Tutahama mwisho wa mwezi, na kigoda nitakibeba.

Mama amelala. Nami naenda kulala, saa nne kasorobo.

Dada yako,
Mbithe